Macho Juu ya Nikabu

Kila asubuhi, kabla hatujabeba maziwa kwenda sokoni, mama alimfunga mdogo wangu kwa kamba. Alimfunga mguu mmoja, juu kidogo ya kifundo, na ncha ya pili aliifunga kwenye mguu wa kitanda. Penye ngozi alikuwa amezungushia kipande cha nguo kuukuu ili kamba isimchubue. Alisema Bismillahi alipoanza kufunga, na alipomaliza alimwekea kikombe cha maji na sahani ya anjera, chapati zetu laini za maji, akatoka bila kugeuka nyuma. Mimi ndiye niliyegeuka. Mdogo wangu hakuwa akilia. Alikuwa akipanga vifuniko vya chupa mstari mmoja, vya buluu kwanza, kisha vyekundu, na kamba hakuijali.

Sisi ni wauzaji wa maziwa ya ngamia hapa Garissa. Maziwa huja alfajiri kwa gari kutoka upande wa Bura, kwenye majerikeni yaliyofukizwa moshi, na yanatakiwa yauzwe kabla jua halijapanda, maana joto la huku halina subira. Mama huyapokea garini na mimi hukaa mezani kuyapima. Baba ni dereva wa lori la Mandera, na akirudi hulala sana, kisha huondoka tena. Nyumbani hakubaki mtu.

Zamani tulikuwa tukienda naye. Alikaa chini ya meza, kwenye kivuli, na vifuniko vyake. Hakuwa mtoto wa kukimbia wala wa kuiba. Shida yake ilikuwa nyuso. Hakujua kwamba uso wa mtu unasema kitu. Mtu akicheka, mtu akifoka, kwake yote yalikuwa kama mawingu yanayosogea. Siku moja mfanyabiashara wa mbuzi aligombana na mnunuzi karibu na meza yetu, mshipa wa paji la uso ukamvimba. Mdogo wangu akatoka chini ya meza, akasimama mbele yake, akautazama ule mshipa na kucheka. Yule mtu akaona anadhihakiwa, akamzaba kofi. Mshipa ukavimba zaidi, na mdogo wangu akacheka zaidi, akazabwa jingine. Mama alipofika, damu ilikuwa ikimtoka puani.

Watu walimkemea yule mtu. "Muogope Mungu, huyu mtoto ni mgonjwa."

"Mgonjwa hukaa nyumbani," akajibu, akachukua fimbo yake akaenda.

Mama alilichukua neno lile. Kesho yake kamba ikaanza.

Wakati huo nilikuwa na miaka kumi na saba. Nilimaliza darasa la nane, nikaishia hapo. Ni mtu wa haya. Sokoni nilikuwa nikitazama kikombe cha kupimia, si mteja, na wateja waliniuliza bei mara mbili kwa sababu sauti yangu haikuwafikia. Lakini kila asubuhi nilipogeuka mlangoni na kumwona mdogo wangu na vile vifuniko, nilijiambia jambo lile lile. Nataka awe nasi sokoni, bila kamba, na asipigwe. Sikuwa na jambo jingine kubwa nililolitaka.

Mwalimu alikuja kwetu Jumamosi moja, mchana, tukiwa ndio kwanza tumerudi na mama hajamfungua. Alikuwa mama wa makamo kutoka bara, Mkristo, aliyeletwa kufundisha darasa la watoto wenye mahitaji maalumu katika shule ya msingi iliyo nyuma ya mtaa wetu. Alikuwa akipita nyumba kwa nyumba kuuliza watoto wasiotoka nje.

"Hodi wenyewe."

"Karibu, mwalim," mama akamjibu kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Lakini hapa mtoto wa shule hakuna. Iko mimi na hii msichana."

"Nimeambiwa yuko na wa kiume."

Mwalimu alikuwa ameshaiona kamba kupitia mlango wa chumba. Nilingoja apige kelele. Hakupiga. Alivua viatu, akaingia, akaketi chini mbele ya mdogo wangu na kutazama ule mstari.

"Amepanga vizuri," akasema. "Amekula?"

"Amekula."

"Na kamba ni ya nini, mama?"

"Mimi naogoba, mwalim. Watu nabiga yeye."

"Watu gani?"

"Soko yote."

Mwalimu alitueleza kwamba mtoto ana usonji. Mama aliniambia nimweleze kwa Kisomali, maana nyumbani ndiyo lugha yetu, na maneno ya kwetu ninayoyaandika hapa nimeyageuza kuwa Kiswahili. Sikuwa na neno la usonji. Nikamwambia, "Anasema akili yake imeshika njia yake mwenyewe. Anasema si jini, na si dhambi yako." Mama alijifuta uso kwa ncha ya shela na kuniambia nimpe mgeni chai.

Mwalimu hakutuamuru tumfungue. Aliomba tumlete shuleni alasiri, watoto wengine wakishaondoka, saa ambazo yeye hubaki akisahihisha madaftari. Alisema ana tableti yenye mchezo wa kuwafundisha watoto kama huyu kutambua nyuso. "Hiyo ya kucheka mtu akiwa amekasirika," akasema, "inafundishika."

Neno hilo ndilo lililonitoa nyumbani kila alasiri, jua likiwa bado linauma, nimemshika mdogo wangu mkono.

Mchezo wenyewe ulikuwa hivi. Uso mkubwa unatokea kwenye kioo. Unaugusa, unatikisika kidogo. Halafu chini zinatokea picha nne ndogo za kuchorwa, za manjano: furaha, huzuni, hasira, hofu. Unagusa ile inayofanana na uso mkubwa. Ukipatia, kengele inalia na chura wa kijani anaruka. Nyuso zilikuwa za watu wa mbali: mvulana mwenye madoadoa puani, bibi mwenye nywele nyeupe zilizokatwa, mwanamume mwenye tai. Sauti ilikuwa ya Kiingereza, mwalimu akaizima na kuacha kengele tu.

Mdogo wangu aliipenda ile kengele. Mwanzoni aligusa picha zote nne kwa zamu mpaka ikalia. Kisha akaanza kutazama. Nilimwona akiinama, pua karibu iguse kioo, akitazama midomo ya wale watu. Mdomo uliopanda juu, akagusa furaha. Mdomo uliopinda chini, huzuni. Meno yaliyokazwa, hasira. Mdomo wazi kama shimo, hofu. Mwalimu aliacha kalamu yake nyekundu, akaja kusimama nyuma yetu.

"Huyu mtoto ananiaibisha," akasema. "Mimi huyu mwanamume mwenye tai nilidhani ana njaa."

Ikafika wakati ambapo hakukosea tena. Mwalimu alibadilisha nyuso, akaweka nyingine, bado kengele ililia. Tulimwita mama aje kuona. Alisimama mlangoni, akaogopa kuingia darasani na miguu yenye vumbi, akatazama chura akiruka na kuruka.

"Mashallah," akasema. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Sasa anajua mtu akikasirika?"

"Anajua, hooyo," nikamwambia. Hooyo ni mama kwa lugha yetu.

"Mwalimu anasemaje?"

"Jaribuni sokoni," mwalimu akasema nilipomfikishia swali. "Polepole. Dada yake awe karibu."

Asubuhi iliyofuata mama hakufunga kamba. Mdogo wangu alikaa chini ya meza yetu kama zamani, na mimi niliuza maziwa nikihisi kila mtu anaona furaha yangu.

Upande wa pili wa njia, akitazamana nasi, kuna mwanamke mwenye duka la vitambaa. Ni mtu anayeheshimiwa. Hufunika uso kwa nikabu nyeusi na huacha macho tu. Mama yangu pia hufunika akiwa nje, na shangazi zangu, na wanawake wengi wa njia ile. Yule mwanamke alikuja na kikombe mkononi.

"Maziwa haya ya jana mlitia nini?"

Mama hakuwapo, alikuwa garini. Nikasema, "Hatutii kitu, eeddo." Eeddo ni shangazi, ndivyo tunavyowaita wanawake waliotuzidi umri.

"Sema kwa sauti! Nimeuliza mlitia nini. Yalikuwa mepesi kama mate."

Muuzaji wa meza ya jirani akaingilia, yeye hawezi kuacha ugomvi upite. "Ngamia wao siku hizi wanakunywa mto Tana wote. Wakojoe wapi, maskini?"

Watu wakacheka. Yule mwanamke hakucheka. Akainama juu ya meza kuniambia jambo, na hapo mdogo wangu akasimama katikati yetu. Alimtazama kwa makini sana, kama alivyokuwa akitazama kioo. Alitazama juu, akatazama chini. Kisha, kwa vidole viwili, taratibu, akaishika nikabu yake na kuivuta chini mpaka kidevuni. Akautazama mdomo. Akamgusa shavuni kwa kidole kimoja, akangoja.

Wanaume waliokuwa karibu waligeuza nyuso zao, mmoja ukutani, mwingine kwenye magunia ya sukari, ili wasimwone. Walipogeuka hivyo ndipo nilipojua ukubwa wa jambo. Mwanamke alijifunika kwa kiganja. Nilisikia sauti ikimtoka, si neno, ni sauti tu. Mdogo wangu alikuwa bado anangoja. Hakusikia kitu, akailiza mwenyewe ile kengele kwa mdomo: "Ting."

"Mfungeni!" yule mwanamke akapiga kelele. "Si mlikuwa mnamfunga? Mfungeni!"

Sitaandika mengi kuhusu siku ile. Tulirudi nyumbani maziwa yakiwa nusu. Mama hakunipiga wala kunitukana, na ingekuwa nafuu kama angefanya hivyo. Jioni alivaa nguo zake za sikukuu, akachukua jerikeni la maziwa mazuri kuliko yote tuliyokuwa nayo, akaenda nyumbani kwa yule mwanamke kuomba radhi, kama desturi yetu inavyotaka mtu akivunjiwa heshima. Hakwenda peke yake, alichukua wanawake wawili wazee wa mtaani. Walipewa chai. Radhi ilipokelewa.

"Amesemaje?" nikamuuliza aliporudi.

"Amesema amemsamehe mtoto, hana akili ya kosa. Lakini asipite mbele ya duka lake."

Duka lake linatazamana na meza yetu. Kutopita hapo ni kutokuja sokoni. Asubuhi kamba ikarudi, na fundo la mama lilikuwa gumu kuliko mwanzo.

Nilikwenda kwa mwalimu peke yangu. Nilimweleza mambo yote, nikichora kwa kidole mezani alivyosimama huyu na alivyosimama yule. Mwalimu alishika kichwa.

"Alivuta chini? Kwa nini?"

"Sijui."

Tableti ilikuwa mezani, mvulana mwenye madoadoa anacheka peke yake. Sijui kwa nini nilifanya nilichofanya. Nilichukua ncha ya shela yangu, nikaifunika nusu ya chini ya kioo. Mvulana akabaki macho. Nikamtazama, hata mimi sikujua tena kama anacheka au analia.

Mwalimu akaona. Akaweka kiganja chake juu ya mdomo wake mwenyewe.

"Mdomo," akasema nyuma ya kiganja. "Tulimfundisha mdomo. Kwenye huu mchezo kila mtu ana mdomo."

"Na tulimfundisha kugusa," nikasema.

"Na kugusa." Aliteremsha mkono. "Alifanya kila kitu sawa, maskini. Alifanya kama tulivyomfundisha."

Kesho yake nilimleta mdogo wangu, tukamfunikia kioo vile vile. Alinyoosha mkono akavuta shela. Nikairudisha. Akaivuta tena, akanitazama mkono kama mtu anayeona jambo lisilo na haki. Basi tukajua. Mwalimu akasema kwamba mchezo ule una mahali ambapo mtu anaweza kuingiza picha zake mwenyewe, zikatokea badala ya zile nyuso. Alikuwa hajapatumia kamwe. "Tunahitaji macho," akasema. "Macho ya huku. Mimi siwezi kuyapata, mimi ni mgeni, tena watanishuku. Wewe waweza?"

Nilitaka kusema hapana. Kumwomba mtu picha ni kazi ngumu kwangu kuliko kubeba majerikeni. Nikasema, "Nitajaribu," na nikalirudia neno hilo njia nzima ili lisipoe.

Nilianza na mama. Alikataa. Picha za wanawake huzunguka kwenye simu za watu, akasema, na Mungu ndiye ajuaye zinakoishia. Nikamweleza kwamba atakuwa amevaa nikabu, kwamba picha haitakuwa na kitu ila macho, na kwamba mwalimu ameahidi zitakaa ndani ya ile tableti na tableti itakaa kabatini. Aliniuliza maswali mengi. Nikayajibu yote. Nadhani alishangaa kunisikia nikiongea muda mrefu namna ile.

"Haya, niambie nifanye nini."

"Kasirika."

"Nikasirike bure? Nani kanikosea?"

Shangazi yangu, dada yake baba, alikuwa ameketi akichambua mchele. "Mwambie mbuzi wa jirani kala shela yake mpya."

"Mbuzi gani?"

"Mwenye pembe moja."

"Yule mwizi? Alishakula sabuni yangu!"

Nikapiga picha. Hasira ilitoka safi kabisa. Shangazi akacheka mpaka mchele ukamwagika, na macho yake yakanipa furaha, mikunjo midogo pembeni, kope zimekaribiana. Hofu ilitupa taabu. Shangazi alijaribu akaonekana kama anayetaka kupiga chafya. Mwishowe jirani alikuja, nikabu yake bado usoni, kuuliza tunacheka nini, akaona panzi mkubwa ukutani, na simu ilikuwa tayari mkononi mwangu.

Ilibaki huzuni. Asubuhi moja, mama akimfunga mdogo wangu, alikuwa ameshavaa nikabu tayari kwa kutoka. Aliinua macho kutoka kwenye fundo. Nilipiga picha kabla sijafikiri.

"Umepiga nini?"

Nikamwonyesha. Aliitazama kwa muda, simu mkononi mwake.

"Hii asiione," akasema. "Hii ni yangu. Futa."

Nikaifuta mbele yake. Kisha nikajipiga picha mwenyewe, uso umefunikwa, na huzuni ikawa ni mimi.

Mwalimu aliziingiza zile picha. Kuhusu kugusa, tulishauriana sana, na mwishowe tukaamua hivi: tableti nitaishika mimi, mbali na mkono wake. Yeye ataweka mikono nyuma, kama watoto kwenye gwaride la asubuhi, na atasema neno. Akisema lililo sahihi, mimi nitagusa na kengele italia. Tatizo ni kwamba mdogo wangu alikuwa na maneno machache, na hata hayo aliyatoa kwa shida.

Alasiri za mwanzo zilikuwa mbaya. Aliniuma mkono. Alijigonga kichwa ukutani kwa sababu kengele hailii. Mwalimu akasema tuache kidogo. Nikamwambia, "Mwalimu, tukiacha, atazeekea kwenye kile kitanda." Akanitazama, akavuta kiti karibu, tukaendelea. Nilimwambia mdogo wangu majina yenyewe kwa Kisomali, yeye arudie, na nikagusa hata alipotoa nusu ya neno. Macho ya mama: hasira. Macho ya shangazi: furaha. Niligundua kwamba na mimi nilikuwa sijawahi kuyatazama macho ya watu namna ile. Sokoni nikaanza kuinua uso kidogo, nijifunze la kumfundisha.

Siku moja alichoka, akanyakua tableti na kuitupa. Ilianguka kwa kona, kioo kikapata ufa. Mwalimu alisimama ghafla. Hakusema kitu, lakini alikuwa amekasirika sana, na mtu wa bara hafuniki uso. Mdogo wangu akamtazama. Mikono yake ikaenda nyuma yenyewe.

"Hasira," akasema.

Mwalimu alinigeukia. "Amesemaje?"

Nikamwambia. Mwalimu akaanza kucheka, huku anakilaani kile kioo, huku anafuta macho.

"Furaha," mdogo wangu akasahihisha.

Hapakuwa na kengele, na hakuiliza kwa mdomo.

Niliporudi nyumbani nilimwambia mama kwamba nataka kumpeleka kwa yule mwanamke wa vitambaa. Mama aliweka chini alichokuwa amekishika.

"Usiniaibishe mara ya pili."

"Akikataa, tutarudi, na sitasema tena. Lakini bila yeye, hooyo, huyu hatatoka."

Kesho yake alasiri, nilipomshika mdogo wangu mkono na kutoka, nilisikia malapa ya mama nyuma yetu.

Duka lilikuwa tulivu. Mwanamke alikuwa akipima kitambaa kwa ile fimbo yao ya yadi. Alipotuona alisimama nayo mkononi.

"Nilisema asipite hapa."

"Hapiti, eeddo," nikasema. "Amekuja."

"Amekuja kumalizia?"

"Amekuja kukutazama kwa ruhusa yako. Mikono yake iko nyuma, ona. Ukisema hapana, tunaondoka."

Aligeuka kwa mama. "Huyu bintiyo si ndiye asiyeongea?"

"Ndiye," mama akasema. "Siku hizi kaamka hivi."

Nikamweleza kwa maneno machache kilichotokea, kwamba mchezo ulimfundisha kutafuta midomo, naye akautafuta mdomo wake mahali ulipofichwa. Sikujua kama ananiamini. Lakini hakutufukuza, na mdogo wangu alikuwa ameshaanza kutazama.

Alimtazama muda mrefu. Nyuma ya mgongo vidole vyake vilikuwa vikisokotana. Mkono mmoja ukachomoka, ukafika kiunoni. Nilitaka kuushika. Sikuushika, nikajiuma ulimi. Mkono ukarudi nyuma wenyewe.

Na mimi nilimtazama yule mwanamke. Nyusi zilikuwa zimeshuka, macho makali. Hasira, nikasema moyoni. Sema hasira, walaal, ndugu yangu, tuondoke.

"Hofu," mdogo wangu akasema.

Nikadakia, "Samahani, eeddo, bado anajifunza, alitaka kusema—"

"Mwache," mwanamke akasema.

Aliiweka fimbo juu ya kitambaa. Mkono wake mwingine, niliuona wakati huo tu, ulikuwa umeishika nikabu chini ya kidevu, umeikaza.

"Tangu siku ile," akamwambia mama, si mimi, "mtoto yeyote akisogea karibu nami naishika hivi. Hata wajukuu zangu. Nyumbani wananiambia nimekuwa mkali." Akautazama mkono wake. "Mkali, wanasema."

Mama akasema, "Raalli noqo," ambayo ni kuomba radhi, ingawa radhi ilikwisha kutolewa zamani.

"Apite," mwanamke akasema. "Mikono nyuma. Na maziwa yangu yasiwe mepesi."

"Hayakuwa mepesi," nikasema. Ilinitoka tu. Mama alinifinya.

Labda mdogo wangu alibahatisha. Baadaye nilimuuliza mwalimu, naye hakunidanganya. Jibu moja ni jibu moja, alisema, na kesho anaweza kumkosea mtu mwingine, na lazima niwe karibu naye kila siku, tena kwa miaka. Nikamwambia najua. Tukachukua tableti yenye ufa, tukaendelea na macho ya shangazi.

Jioni ya siku ile ya dukani, jua likishuka, mama alikuwa uani anasuuza majerikeni, na mimi nayapokea na kuyageuza yakauke.

"Kesho gari la maziwa linawahi," akasema. "Muamshe mapema ale."

"Nani?"

"Kwani humu ndani ni nani mwingine anayekula taratibu kama kinyonga? Tena umvishe viatu. Pale sokoni kuna vigae vya chupa."